Pepo Aliyetaka Pilau

Nianze na aibu yenyewe tuipite: nilipungwa pepo hapa Temeke, mbele ya mzee niliyekuwa nikimposa bintiye, na pepo alipoulizwa anataka nini, akasema anataka pilau. Pepo hakuwepo. Aliyesema ni mie, kwa njaa.

Siku zile nilikuwa situlii. Mie fundi cherehani, lakini mikono ilitetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano. Usiku silali, mchana natota jasho wenzangu wakavu. Nakula sahani tatu, suruali bado inanivuka. Macho yamenitoka kama nimekutana na askari wa kodi. Nimekaa tu, moyo unakwenda mbio.

Mzee akasema hatoi binti kwa mtu mwenye pepo, nipungwe kwanza. Kazi hiyo sie wa pwani tunaijua: ngoma inapigwa, unafukizwa ubani, mganga anamuuliza pepo jina na haja yake. Pepo wa watu huomba marashi, kanga, halwa. Wangu aliomba pilau, na alipopewa akaomba na ukoko. Watu wakatazamana. Na nikazidi kukonda.

Mtani wangu, seremala jirani, ndiye aliyenikokota hospitali. Daktari aliniambia ninyooshe mikono, akanilazia karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza kunishinda mie siku ya ngoma. Akanipapasa chini ya koo, akaniambia nimeze mate. Akaeleza kuwa hapo pana tezi, inatia maji yake kwenye damu, na hayo ndiyo yanayouamuru mwili uchome chakula upesi au taratibu. Yakipungua, mtu anavimba uso, anahisi baridi, anasinzia. Yangu yalizidi. Shule niliiachia njiani, lakini hilo nililielewa: nilikuwa taa ya karabai iliyopigwa pampu mno, inaunguruma na kumaliza mafuta.

Nikapewa vidonge. Pole pole mikono ikatulia, uzi ukaingia. Nikaenda kwa mzee kifua mbele, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya tezi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "pepo tunamjua, anapungwa anaondoka. Hiyo tezi yako nani anaijua? Niache nifikiri."

Na huku nyuma kijana mmoja wa Kinondoni keshaleta posa yake.

Nikaenda kwa mtani wangu, nakaa, nainuka, nakaa tena. Nikamwambia vidonge nimekula na kutulia bado nimeshindwa. Akaweka randa chini.

"Sikia, we kinyago. Ulipomposa yule binti, moyo wako ulikuwa unakwenda mbio hata ukiona mbuzi. Sasa daktari kautuliza. Ukimwona yeye, bado unakwenda?"

Nikasema unakwenda.

"Basi hiyo siyo tezi. Rudi kwa mzee leo hii, kabla wa Kinondoni hajakutangulia."