Filamu Ilipokataa Kushika

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinipa kamera isiyo na filamu akaniambia nikae nayo dirishani. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeacha kusuka nywele Kenyatta Market kwa sababu ya mgongo, na nilipopanda ngazi za ile studio katikati ya jiji nilidhani nimekuja kupumzika. Kumbe! Nilishinda kutwa nikipiga picha za hewa.

"Mama Wambui, hebu niambie," aliniuliza bila kuinua macho, "wingu limefunika jua. Sasa utado nini?"

Nyinyi mnaopiga kwa simu hamjui jasho la swali hilo. Kamera zile hazikukusaidia kufikiri. Ulichagua tundu la lenzi, ambalo namba yake ikiwa kubwa lenyewe huwa dogo, jambo lililonitesa mwezi mzima. Ulichagua kasi ya shata, lile pazia dogo la ndani linalofunguka na kufunga. Likikawia, mwanga huingia kwa wingi, lakini mkono ukitikisika picha inatoka na ukungu. Kisha ulizungusha lenzi mpaka sura ionekane sawasawa. Ndani ya kioo cha kuchungulia kulikuwa na mshale wa kupima mwanga, na mshale huo niliuamini kuliko watu wengi ninaowajua.

Lakini alichonisumbua nacho zaidi Fundi Mkuu ni kishikio kidogo cha kushoto, cha kurudishia filamu. "Ukivuta filamu na hii mkono ya kulia, hiyo ya kushoto lazima izunguke. Isipozunguka, filamu haijashika. Unapiga bure." Kihesabu picha kingeendelea kuhesabu kama kawaida. Hicho hakina aibu.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kunichukua harusini nimshikie flashi. Jumamosi moja tuliitwa Kileleshwa, kwenye fleti ya mzee mmoja mgonjwa sana. Binti yake, Akinyi, alikuwa anaolewa siku hiyo, na kwa kuwa baba hangeweza kufika kanisani, bibi harusi alipitia kwake kwanza wapigwe picha pamoja. Walimvisha mzee suti, wakamketisha sebuleni na kumshikilia mabega. Maskini, alijikaza kweli. Fundi Mkuu alipiga haraka haraka, mzee akarudishwa kitandani akihema, na huko chini magari yakaanza kupiga honi.

Fundi Mkuu alivuta filamu ili ampige bibi harusi akishuka ngazi. Nikatazama kishikio cha kushoto. Kilikuwa kimetulia tuli.

Nilimnong'oneza. Alikigusa kwa kidole, kikazunguka ovyo, hakuna kinachokikaza. Asubuhi alikuwa ameweka filamu ndani ya gari kwa pupa, na ncha yake haikuingia vizuri kwenye rili ya kuivuta. Hatukuwa na picha hata moja ya mzee.

Katika kazi yetu kulikuwa na uongo uliozoeleka. Unangoja wiki moja, kisha unasema filamu imeharibika wakati wa kuoshwa. Wateja walinung'unika, wakanyamaza. Nilijua Fundi Mkuu anaufikiria, maana hata mimi niliufikiria.

Akavua kofia. "Akinyi, mamangu, nisamehe," alisema. "Filamu haikushika. Sina kitu hapa. Makosa ni yangu."

Shangazi yake akawaka. "Unatucheza? Huyu mzee utamwamsha tena aje? Na kanisa inangoja!"

Nilimhurumia Akinyi hadi nikashindwa kumtazama. Ndipo sauti ya baba yake ikatoka chumbani.

"Wachaneni na huyo fundi. Nyathina, mtoto wangu, kuja hapa."

Kuketi hakuweza tena. Akinyi alivua viatu, akakusanya gauni lake lote, akapanda kitandani kando ya babake. Fundi Mkuu aliweka filamu nyingine, tukahakikisha pamoja kwamba kishikio kinazunguka, kisha akanikabidhi kamera kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Flashi ilikuwa imemuumiza mzee macho. Nikafungua mapazia ya dirisha, nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho, nikashusha kasi mpaka pale ambapo mkono wa binadamu hauaminiki. Niliegemea kabati, nikatoa pumzi taratibu, nikabonyeza. Mzee alikuwa anacheka, gauni limemfunika hadi kidevuni.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la Westlands, kamera za dijitali zikaja, na nimestaafu nikiwa mpiga picha za pasipoti. Vijana huniuliza kama nazikosa zile kamera za zamani. Nazikosa, ingawa zilitutesa. Kamera ya siku hizi ingemtunzia mzee suti yake na uso wake wa kujikaza, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Haukupita mwezi tangu ile harusi, mzee akafariki. Akinyi alikuja studio kutaka picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza. Desturi ni uso wa marehemu peke yake, kwa hiyo Fundi Mkuu aliweka rula juu ya ile picha ya kitandani, akamwuliza kwa upole, "Nikukate hapa kwa bega?"

"Usinikate," Akinyi alisema. "Abebwe na mimi."