Mzee Moja-Mbili, maiki moja na binti askari

Saa moja na nusu asubuhi, ukumbi bado unanuka dawa ya sakafu, na mtu pekee aliyemo ndani anaongea na viti.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Nyuma kule mnanipata?"

Viti mia mbili na arobaini vinanyamaza. Mzee anatega sikio, anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa ovyo, kisha anashuka jukwaani kwenda kuigeuza spika ya kushoto iutazame ukuta kidogo. Anapanda tena. Moja, mbili. Safari hii anaridhika.

Jina lake limo kwenye kitambulisho na huko ndiko linakopumzika. Mtaani anaitwa Mzee Moja-Mbili. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kukodisha vipaza sauti: harusi, misiba, mahafali, mikutano ya wazazi shuleni.

"Watu wa hapa nimewaozesha na nimewazika," anasema huku akibandika waya sakafuni kwa utepe, mtu asije akajikwaa. "Hapo katikati ndipo wanapogombania maiki."

Leo hakuna harusi. Ni siku ya nne, na ya mwisho, ya kikao ambacho mji mzima unakizungumzia.

Wiki saba zilizopita, kijana fundi baiskeli wa miaka ishirini na sita alikamatwa jioni baada ya kugombana na mteja. Akalazwa mahabusu. Asubuhi akatolewa maiti. Kituo kikasema aliingia amelewa, na alikuwa ameshaumia kwa kuanguka njiani. Mama yake akasema mwanawe hanywi hata soda, inamcheulisha.

Maneno yakawa mengi. Kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, hata hospitalini kwenye benchi la wagonjwa, watu wakagawanyika. Ikaundwa kamati ya watu watatu chini ya jaji mstaafu, isikilize habari za kifo hicho na malalamiko ya jumla kuhusu polisi kutumia nguvu. Yeyote aruhusiwe kusema. Kila mtu dakika tatu.

Saa ya kupima dakika hizo, pamoja na kengele ndogo ya mezani, akapewa Mzee Moja-Mbili.

"Karani ana kazi ya kuandika, mimi nimesimama pale pale na maiki," anaeleza. "Ukionekana una mikono miwili, wanakupa kazi mbili. Malipo yanabaki kuwa ya mkono mmoja." Kwa siku nzima ya kikao analipwa chini ya nusu ya anachopata kwenye harusi.

Siku ya kwanza, upande wa polisi waliomba maiki yao wenyewe mezani kwao. Mzee akawajibu kwamba anayo moja tu. Basi kamanda naye akainuka, akapanga foleni nyuma ya muuza nyanya.

Lakini ndani ya sanduku lake, chini ya taulo, kuna maiki ya pili. Inaonekana wazi. Mzee analisukuma sanduku kwa mguu.

"Ile ni ya akiba," anasema. Anaona mwandishi hajamwelewa. "Sikiliza. Ningewapa ya kwao, wangeongea wamekaa, na wenzao wamesimama. Mtu aliyekaa humwona aliyesimama kama vile amekuja kuomba. Haya, andika tu, kikao si kinakwisha leo."

Kila anayemaliza kusema, mzee anaipangusa maiki kwa kitambaa chenye spiriti, bila kuangalia cheo. "Askari, raia, mate ni mate."

Wasemaji walikuwa sitini na mmoja, na si wote walioimba wimbo mmoja. Mwenye duka aliyevunjiwa mara tatu alisimama akawaka: "Mnataka polisi wamkamateje mwizi? Tafadhali mheshimiwa mwizi, naomba mkono wako?" Ukumbi ukacheka, na mzee naye akacheka, kisha akagonga kengele.

Mwalimu mstaafu akamjibu bila kupandisha sauti. "Kumkamata mtu ni nguvu, sikatai. Kumpiga aliyekwisha kukamatwa, hiyo si nguvu tena. Ni hasira iliyovaa sare." Makofi. Kengele.

Sajini mmoja akasema: "Tunaitwa usiku, tuko wawili, tochi moja, na hatujui aliye nyuma ya mlango ameshika nini. Tukija, makatili. Tusipokuja, wavivu. Tuambieni basi tuje nusu?" Hata waliokuwa wakimzomea walitulia kidogo. Kengele.

Mama wa marehemu alisema siku ya kwanza. Dakika zake zilikuwa tatu kama za wengine, lakini alisimama pale dakika kumi na moja. Kila machozi yalipomzidi, mzee aliisimamisha saa.

Jaji akaona. "Mzee, mbona saa haitembei?"

"Nimeisimamisha, mheshimiwa. Machozi si maneno. Msibani hatuyahesabu."

Jaji akaandika kitu kwenye karatasi, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo ikawa sheria kwa wote, hata kwa askari kijana aliyelia siku ya pili alipomtaja mwenzake aliyeuawa na majambazi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wengi ukumbini walilijua na hakuna aliyelitia kwenye maiki. Kitinda mimba wa Mzee Moja-Mbili, binti wa miaka ishirini na tisa, ni askari katika kituo hicho hicho. Jioni ile, zamu ya kaunta ilikuwa yake. Na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya siku ya nne.

"Nimemsomesha kwa spika hizi hizi," anasema mzee. "Siku anamaliza mafunzo niliwafungia muziki bure. Wakuu wake wakaniambia nipunguze. Nikapunguza, lakini kidogo tu."

Baada ya kifo, harusi tatu alizokuwa ameahidiwa ziliota mbawa. Baba wa bwana harusi mmoja alimwambia waziwazi kwamba hataki ngoma ya mwanawe ipigwe kwenye spika za baba wa askari. Huku nyuma, mtu wa kituoni akaandikia kamati kwamba mzee anawapendelea raia, atafutwe mwingine.

"Kushoto nimekataliwa, kulia nimekataliwa. Nikasema afadhali, kumbe nimesimama katikati."

Anatania, lakini usingizi ulimkimbia kwa wiki hizo saba. Mkewe ndiye anayelieleza hilo, jikoni kwake, akikaza kishikio kilicholegea cha mfuniko wa sufuria.

"Hawa wawili walikuwa wanaogopana humu ndani," anasema. "Baba anasema, mchuzi wa leo umekolea. Mtoto anaitikia, naam baba, umekolea kweli. Na mimi siku hiyo nimesahau chumvi!"

Mzee hakumuuliza binti yake neno. Siyo kwamba hakutaka.

"Ningemuuliza, angenijibu mimi, halafu angepumua," anasema. "Nilitaka pumzi hiyo aipeleke kule ukumbini. Lakini nilikuwa na hofu mbili. Akisema, kazi imekwenda na wenzake watamwita msaliti. Akinyamaza, atakuja kula mezani kwangu nami nitamtazama anavyokula. Mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa."

Saa tano, siku hiyo ya nne, karani anaita jina. Binti anaingia na sare yake kamili, kofia kwapani, anasimama mwisho wa foleni kama wengine. Zamu yake inapofika, mzee ananyanyua mkono.

"Mheshimiwa, naomba mtu mwingine ashike saa. Huyu ni damu yangu. Nitamzidishia au nitampunja, na nyote mtaniona."

Jaji anamtafuta karani kwa macho. Ametoka kutoa nakala. Wajumbe wawili wanatazamana. Ndipo sauti inapotoka mstari wa mbele.

"Ilete hapa."

Ni mama wa marehemu. Mkono wake ameshaunyoosha.

Ukumbi unanong'ona. Jaji anavua miwani, anamgeukia kamanda: upande wenu mna neno? Kamanda anafikiri, kisha anatikisa kichwa taratibu. Hana.

"Nilitaka mkono wangu uwe na kazi," mama huyo alisema baadaye. "Siku tatu nilikuwa nimeukalia tu."

Mzee anamkabidhi saa na kengele. Anarudi, anaipangusa maiki, anampelekea binti yake.

"Shikamoo, baba," anasema binti kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Usiibandike mdomoni, itakwaruza."

Ndiyo maneno pekee waliyoambiana. Baada ya hapo binti akageukia kamati.

"Marehemu aliingia kituoni akitembea kwa miguu yake," alisema. "Hakuwa amelewa. Nilimwandika kwenye daftari mimi mwenyewe, akaweka sahihi, akaniomba maji nikampa. Saa mbili usiku wenzangu wawili walikuja kumchukua wakamhoji chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyewafungulia, ufunguo ulikuwa kwangu. Nilisikia. Walipomrudisha walikuwa wamembeba. Nikasema huyu apelekwe hospitali. Nikaambiwa anajifanya, wewe kaa kwenye kaunta yako. Nikakaa. Nikanyamaza."

Hapo akakwama. Hakulia. Alisimama tu na maiki mkononi, na kwenye spika ikasikika pumzi yake inaingia na kutoka.

Dakika tatu zikatimia. Watu wote wakautazama mkono wa mama wa marehemu. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya kengele, kimeifunika kama mtu anayemfunika kifaranga.

"Endelea, mwanangu," alisema, bila kipaza, na kila mtu akasikia. "Ulikuwa umefika kwenye kunyamaza."

Binti akaendelea. Alitaja majina mawili. Alisema alfajiri alimpelekea maji tena, akamkuta wa baridi. Alisema aliyaandika yote hayo kwenye daftari, na kwamba ukurasa huo sasa haupo. "Lakini mimi nipo," akasema. "Na nimekuja na sare kwa sababu siku ile nilikuwa nimeivaa."

Zilikuwa dakika saba. Kengele haikulia.

Aliposhuka, mwenye duka aliyevunjiwa mara tatu alisogeza miguu ampishe. Kamanda alikuwa anaandika, hakuinua uso. Mzee naye alipokwenda kuipokea maiki, spika zilipiga mluzi mkali, watu wakaziba masikio.

"Walidhani mitambo," anasema. "Ilikuwa mikono yangu. Niliisogeza karibu mno na spika, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza."

Wiki mbili zimepita. Askari wawili waliotajwa wameshikiliwa, wanahojiwa. Binti amesimamishwa kazi hadi uchunguzi utakapokwisha, yuko nyumbani. Wenzake wengi hawapokei simu zake. Mmoja alimletea viatu vyake alivyoviacha kituoni, akakaribishwa chai, akanywa vikombe viwili, na habari ya kituo hakuigusa.

Asidhani mtu kwamba mambo yameisha kwa kukumbatiana. Mama wa marehemu hajafika nyumbani kwa mzee na hana mpango wa kufika.

"Sijamsamehe," anasema, kwa utulivu, akipanga spana za mwanawe ambazo hajaamua azipeleke wapi. "Ufunguo ulikuwa kwake. Lakini alikuja akasimama. Wenye midomo ni wengi, na siku ile nilimwona yeye."

Binti anapoambiwa maneno hayo anaitikia kwa kichwa. "Ana haki," anasema. "Hata mimi bado."

Mzee anasema nyumbani sasa wanaongea, wakati mwingine mpaka mama watoto anawaomba wapumzike. Harusi moja kati ya zile tatu imerudi. Lakini kinachomkosesha utulivu ni kitu kingine. Ripoti ya kamati inatarajiwa baada ya wiki tatu, na kwa kawaida ripoti kama hizo hukabidhiwa ofisini, mlango ukafungwa, picha ikapigwa, basi.

Amemwandikia jaji barua, ukurasa mmoja, kwa mkono. Anaomba ripoti isomwe ukumbini, mbele ya wale wale sitini na mmoja na yeyote mwingine atakayetaka. Vyombo atatoa yeye bila malipo. Jibu alilopata lina mstari mmoja: ombi lako linafikiriwa.

"Nao waendelee kufikiri," anasema. "Mimi naendelea na matayarisho."

Kwa wiki hiyo ya ripoti amekataa kazi ya mahafali. Amenunua waya mpya ili afunge spika mbili nje ya madirisha, kwa watakaokosa kiti. Jumamosi asubuhi anaupima uani, yeye ameshika ncha moja kibarazani, binti yake anatoka na nyingine getini.

"Na wakikataa, baba?" binti anauliza kutoka kule.

"Watakataa tukiwa tumeshafunga. Imefika wapi?"

"Imefika barabarani!"

Mzee anapima kwa macho, anafungua bunda na kuachia waya zaidi.

"Ongeza mita tano," anasema. "Kuna watakaosimama ng'ambo."