Dainamo ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakusema nami. Haikuwa ugomvi. Kwetu Kivu ya Kusini mwanamume na mkwewe hawazungumzi ovyo, na yeye aliishika heshima hiyo hata katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako tulitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Akiwa na neno, alimpa mke wangu, naye aligeuka nusu hatua akanipa mimi.

Kule nyumbani alikuwa mtu wa tanuri katika kiwanda cha sukari. Kambini hakukuwa na tanuri, kwa hiyo akajitengenezea mashine ya mvuke ndogo kama kuku. Debe dogo tupu la mafuta ya mgao ndilo lililochemshiwa maji. Pistoni ilitoka katika pampu ya baiskeli. Gurudumu lilizunguka vizuri, likipiga kelele kama mtu mwenye pumu, na majirani walikuja kutazama. Halafu akataka iwashe taa. Akafunga mota ya redio kaseti ili iwe dainamo, akaunganisha balbu ya tochi, akawasha kuni. Gurudumu likazunguka. Balbu haikuwaka.

Mimi nilikuwa fundi wa redio. Asubuhi moja niliikuta mashine juu ya meza yangu ya kazi.

“Baba anasema upande wa mvuke uko muzima,” mke wangu akaniambia. “Anasema shida iko kwa fasi yako.”

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama ukuta.

Niliijaribu balbu kwa betri. Ikawaka. Nikafuata waya moja moja, zote nzima. Nikaizungusha mota kwa vidole mpaka ngozi ikauma. Hakuna kitu.

“Mwambie baba ni mota,” nikasema.

“Baba anasema mota ilitoka kwako.”

Ilikuwa kweli. Nikapanda lori la mahindi, nikapita Masha hadi mjini Mbarara, mota na balbu mfukoni. Pale mtaa wa Kakoba palikuwa na sajenti wa jeshi ambaye siku za mapumziko alitengeneza redio kibarazani mwa duka. Aliigeuzageuza mota karibu na sikio.

“Wewe Mukongomani, hii ulitoa kwa kaseti?”

“Ndiyo, afande.”

“Basi ndani iko gavana. Kazi yake ni kushika spidi ya kaseti, wimbo isikimbie. Sasa wewe unataka moto ya umeme itoke nje, yeye anafunga mulango. Toa yeye.”

Akaifungua, akang'oa kisahani chenye vipande vidogo vya umeme, akaunganisha waya moja kwa moja. Akaizungusha kwa kidole. Balbu ikawaka.

“Hii iko ya kazi gani?” akauliza.

“Ya mashine ya mvuke ya baba mkwe.”

Akanirudishia mota. “Salimia yeye,” akasema.

Nilirudi Nakivale nikijiona mtu mkubwa. Tukawasha kuni. Gurudumu likazunguka, balbu ikabaki kama jicho la samaki wa kukaushwa. Nikainama kuangalia. Mkanda, ambao ulikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ulikuwa unateleza juu ya mota kwa sababu ulilowa mafuta. Nikaufuta kwa majivu. Nilipogeuka kuchukua kuni, ukang'aa mafuta tena. Nikafuta mara ya pili. Mara ya tatu nilimwona: baba mkwe, na kikopo chake cha mafuta, analainisha kila kinachosogea, kama alivyofanya kiwandani miaka yote.

Nikamtafuta mke wangu. Alikuwa ameenda kuchota maji.

Nilingoja. Maji ndani ya debe yalizidi kupungua.

“Baba,” nikasema. “Musitie mafuta kwa mukanda. Ule unapaswa kushika.”

Aliweka kikopo chini. Akavua shati lake, lile la kanisani, akaufuta mkanda kwa mkono wa shati, akaupaka majivu mwenyewe, akaurudisha.

Taa ikawaka. Ilikuwa na rangi ya chai, ikitetemeka kwa kila pigo la pistoni, lakini ilikuwa taa.

Baba alichuchumaa mbele yake.

“Kule kiwandani mvuke yangu ilikuwa inawasha taa za manyumba za bakubwa,” akasema, akiiambia mashine. “Kule juu ya kilima. Mimi nilikuwa kwa tanuri. Sikuzionaka.” Kisha akanigeukia mimi. “Hii inawaka kwa mvuke yangu?”

“Ni kwa mvuke yenu, baba.”

Akatikisa kichwa kukubali. Tukaendelea kutazama, mabega karibu yagusane, mpaka debe likaanza kunuka bati kavu, naye akazivuta kuni nje kwa mguu.

Mke wangu alitukuta hivyo. Akatua mtungi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

“Nani anasema nini?” akauliza.

“Leta maji,” tukamjibu sote wawili.