Siku Niliyotafutwa Nikiwa Ndani ya Landrova

Nasema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: yule msichana aliyetolewa nyuma ya Landrova ya kijani pale kijiweni kwa bodaboda, Njiro, mbele ya mchungaji, ni mimi. Nimekaa nayo muda mrefu bila kumwambia mtu, na kuandika kwangu ni kwa taratibu (niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni), lakini aibu ukikaa nayo peke yako inaota mizizi, kwa hiyo bora niing'oe.

Nafanya kazi za ndani kwa babu mmoja. Si babu yangu wa damu, namwita hivyo kwa sababu wajukuu zake wanamwita hivyo na mimi sikupata jina jingine la kumwitia. Babu Elirehema alikuwa afisa mifugo, ujana wake wote aliumalizia kuzunguka kwenye majosho ya ng'ombe na Landrova ya serikali, na alipostaafu, wenzake wakafuga kuku au wakajenga vyumba vya kupangisha, yeye akaenda Lemara akanunua Landrova yenye umri mkubwa kuliko mama yangu, iliyokaa uani kwa mtu mpaka kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ikaletwa Njiro ikiburutwa. Mama mwenye nyumba, mke wake, aliitazama, akaguna, na baadaye akaenda Dodoma kulea mjukuu akakawia huko (sisemi alikimbia gari, nasema tu mambo yalivyofuatana). Tukabaki wawili, babu na mimi, na ukuta mrefu pande zote, na lile gari.

Kutwa babu yuko chini ya gari, mimi naona viatu vyake tu. Alikuwa akiongea nalo, "Tulia mama, tulia, nati moja tu nakufungua," na mimi napita na beseni la nguo, siongei, naye haniongeleshi, na wala haikuwa kwa ubaya. Nikiweka chai mezani anasema, "Ahsante binti." Basi, hayo ndiyo maongezi ya siku. Kuna siku nilishtuka jioni kwamba neno langu la kwanza tangu asubuhi nilimwambia paka wa jirani.

Kwetu ni Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, kwenye nyanya. Ukiwa Njiro mlima unauona vizuri kabisa, lakini unauona usoni, na kwetu ni kisogoni. Babu alipokuwa akilala mchana nilikuwa naingia nyuma ya ile Landrova, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana ambayo alikuwa ameyavalisha vitambaa vyekundu vya kung'aa, nampigia mdogo wangu simu, au nakaa tu. Mle ndani ni padogo, na mtu mpweke akikaa padogo anajiona amejaa.

Sasa siku yenyewe. Gari lilikuwa limekwisha, limepakwa rangi, limewaka, vimebaki vitu vidogo vidogo: kile kidirisha cha kati ya dereva na watu wa nyuma kilikuwa hakijapata kioo, na mlango wa nyuma ulikuwa hauna kitasa kwa ndani (kitasa kilikuwa jikoni, ndani ya kopo, kinasubiri skrubu). Babu akamwalika mchungaji na watu wa jumuiya waje waliombee gari Jumamosi mchana. Binti yake mkubwa, dada Happy, akaja kutoka Sekei kusimamia mambo, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Dada, wageni wakija utoke uwaamkie. Usijifiche jikoni kama panya."

Na kweli, jikoni sikujificha.

Niwaeleze kidogo mnielewe. Kwetu ukikutana na mzee unainamisha kichwa, anakugusa utosini, imekwisha, hakuna aliyetoka jasho. Mjini ni shikamoo ya mmoja mmoja, halafu maswali, unaitwa nani, kwenu wapi, umesoma mpaka wapi, na mimi nikifika swali la pili ulimi unakuwa kama nimelamba majivu. Nilikuwa nimeacha pilau kwenye mkaa, moto mdogo, nikaenda kufuta vumbi kwenye yale mabenchi, mara nikasikia geti linafunguliwa na akina mama wanaingia wakiimba pambio. Wamewahi. Mimi nimevaa khanga ya kufulia, mikono ina grisi. Nikafikiri, ngoja nivute mlango, wapite waende sebuleni, ndipo nitoke nikanawe. Nikavuta. Ukajifunga.

Wageni hawakwenda sebuleni. Walikuja moja kwa moja kwenye gari, wakalizunguka, wakawa wanaligonga-gonga na kulisifu, na mimi nikalala sakafuni kati ya mabenchi nikajifunika turubai. Hapo bado ningeweza kugonga bati. Lakini mchungaji alishaanza kuomba, na mimi sijawahi kumkatiza hata muuza mchicha, sembuse mtu anayeongea na Mungu. Akaombea matairi, akaombea breki (akazikazania sana breki), akamwombea "kila atakayepanda ndani yake, anayejulikana na asiyejulikana," na mimi chini ya turubai nikaitikia amina kwa midomo tu, maana niliona hiyo inanihusu.

Babu akawasha gari. Vigelegele. "Panda, mchungaji," akasema, "twende Lemara nikamwonyeshe aliyeniuzia. Alinicheka yule." Wakapanda mbele wawili, tukaondoka watatu.

Tulikuwa hatujafika mbali simu ya babu ikaita. Sikio lake moja ni zito, kwa hiyo simu zake zote huzifungulia sauti kubwa, na pale kwenye kidirisha kisicho na kioo nikasikia kila neno la dada Happy.

"Baba, dada katoroka."

"Nani?"

"Dada wa kazi. Pilau limeungua, geti lilikuwa wazi, hayupo chumbani, hayupo chooni. Tunaangalia kama kuna kilichopungua."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mwingine ikisema, "Hawa ndivyo walivyo, angalieni na pochi zenu."

Kwetu jina la mwizi halifutiki, litavuka mlima kabla yangu, litamkuta mama shambani. Babu akapunguza mwendo. Nikamsubiri anitukane. Hakunitukana. Akasema, "Mchungaji, tugeuze tumtafute."

Mchungaji akamwuliza, "Anaitwa nani?"

"Anna."

(Naitwa Aneth.)

"Kwao wapi?"

"Singida. Au Kondoa. Wengi wanatoka huko."

"Umekaa naye muda gani?"

Babu akafikiri. "Tangu gari halina injini."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ilikuwa ni maneno matatu tu, babu, niko hapa. Lakini nikaona nikitoa sauti ghafla kisogoni kwa mzee anayeendesha gari lisilozoea barabara, tutaingia mtaroni wote na maombi yetu. Nikasema moyoni, akisimama nitasema. Na kila nilivyochelewa, maelezo yalizidi kuwa marefu.

Akasimama dukani. Akashuka, nikamsikia anamwuliza mama mwenye duka, "Mama, hujaona binti mmoja anapita hapa?"

"Yukoje?"

"Ni wa kawaida tu. Kavaa khanga."

"Babu, wenye khanga Njiro hii ni wengi kuliko nguzo za umeme."

"Huyu anatembea bila kelele."

"Sasa asiye na kelele mimi nitamsikiaje?"

Akarudi akakaa, hakuwasha. Akamwambia mchungaji, polepole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, "Nilikuwa nikitoka chini ya gari nakuta chai mezani. Nikajua yupo. Hili gari nalijua nati kwa nati, mchungaji. Yule mtoto hata sura yake nashindwa kuieleza."

Gari lilikuwa limesimama. Nilikuwa nimejiahidi kusema likisimama. Na hapa ndipo penye kile ambacho sijamwambia mtu, hata mdogo wangu: wakati huo haikuwa aibu tena iliyonizuia. Ilikuwa utamu. Tangu nimetoka kwetu hakuna mtu aliyewahi kusimama mahali akauliza niko wapi, na sasa mzee mzima na mchungaji wake walikuwa wanashuka kwenye gari kwa ajili yangu. Nikataka wanitafute kidogo tena. Kituo kimoja tu.

Kituo hicho kikawa kijiwe cha bodaboda. Vijana walilizunguka gari kabla hata babu hajashuka. "Mzee, chuma hicho. Unauza?" Mchungaji akawaeleza kwamba kuna binti amepotea, na wengine wakaja, na mama wa mihogo akaacha mihogo yake, na kijana mmoja akasema, "Tutamtafuta, mchungaji, nyie tupeni mafuta tu." Wakati huo huo mama mwenye nyumba, aliyeulizwa na dada Happy, akatuma namba yangu kutoka Dodoma, maana ni yeye peke yake aliyekuwa nayo, na nikamsikia babu akiisoma tarakimu moja moja kwa sauti.

Simu yangu ni ile ndogo ya vibonyezo ambayo ukiizima inaimba wimbo wa kuaga, mrefu kuliko mlio wenyewe, kwa hiyo sikuthubutu kuizima. Niliibana kwapani. Ikaita hukohuko kwapani.

Kijana mmoja akatega sikio, akasema, "Mzee, gari lako linaita."

"Kata," mwingine akasema. Babu akakata, gari likanyamaza. "Piga tena." Akapiga, gari likaita.

Mlango ukafunguliwa. Jua likanipiga machoni, na watu wote wa kijiweni wakaniona nilivyo, khanga imepanda magotini, grisi shavuni, turubai kichwani kama bibi harusi wa ajabu. Nikajikokota nikashuka. Nilijua napaswa kusema kitu, na ulimi ndiyo umekwenda, kwa hiyo nikafanya kile mwili wangu unachokijua: nikainamisha kichwa. Mchungaji akanigusa utosini (na yeye ni Mmeru, nadhani mkono ulikwenda wenyewe). Babu akanigusa. Na kwa kuwa nilibaki nimeinama hivyohivyo, naogopa kuinuka nikutane na macho ya watu, kijana mmoja wa boda, mdogo kuliko mimi, akanyoosha mkono naye akanigusa, akasema kwa sauti ya kizee, "Ukue, mjukuu wangu." Kijiwe kizima kikaanguka kwa kicheko. Mama wa mihogo alikaa chini kabisa.

Babu peke yake hakucheka. "Ulikuwa humu muda wote?"

"Ndiyo, babu."

"Ulisikia?"

"Ndiyo, babu."

Akakunja turubai vizuri, akafunga mlango wa nyuma, akasema, "Panda mbele." Nikakaa katikati, mguu huku na mguu huku wa gia, na safari nzima bega la mchungaji lilikuwa linatikisika na alikuwa anatazama dirishani kama vile kuna kitu huko.

Tulipofika nilikuta begi langu limemwagwa mkekani barazani. Gauni zangu mbili, viatu vya kanisani, picha ya mama, sabuni niliyoifunga kwenye mfuko wa mkate, na nguo za ndani, vyote viko mbele ya wageni kama vya kuuza. Hakuna walichokipata, kwa kuwa hakikuwepo. Dada Happy akasema, "Tulidhani..." na yule mama wa pochi akawa anatazama maua. Nikachutama kukusanya. Babu naye akachutama, magoti yakalia, akaokota kiatu kimoja, akawa anatafuta cha pili kwa makini kama anavyotafuta skrubu, na hapo ndipo machozi yalinitoka, si kijiweni. Wageni wakala pilau la juujuu lisiloungua. Walisema ni tamu.

Jioni, watu wamekwisha ondoka, babu aliniuliza, "Kwenu hasa ni wapi?"

"Ngarenanyuki."

"Nyuma ya mlima hapo?"

"Hapo hapo."

"Nilisimamia josho huko, zamani. Lipo?"

"Lipo. Mbuzi wanalala ndani."

"Mbuzi," akasema, akacheka kidogo, akaenda kulala.

Ningependa niwaambie kwamba tangu siku hiyo tunaongea. Lakini gari limepona sasa, na mwenye gari zima hakai nyumbani. Kila siku babu anakwenda kwa wastaafu wenzake, kabla ya kuondoka anafungua mlango wa nyuma anachungulia, kisha anaita, "Aneth, geti," kwa jina langu lenyewe, nafungua, anapita, nafunga. Uani limebaki doa la oili na mimi. Siku nyingine ninasimama juu ya lile doa, najaribu kukumbuka mabenchi yalikuwa wapi.

Nimejiapiza kwamba mgeni akisikika getini nitakwenda mwenyewe nimwamkie, hata kama nina majivu mdomoni, na nimeshaanza. Aibu ya kuamkia wageni inakwisha wakikaa. Na nyinyi mlio wanyamavu kama mimi nawaambia hivi: mtu akishuka barabarani kukuulizia, itika kwenye kituo cha kwanza. Usimgojeshe. Ni mara chache sana mtu hutafutwa, na mimi yangu niliipata, nikailalia chini ya turubai.