Sigruni wa Mikindani

Nikisikia harufu ya spiriti tu, hasira hunipanda. Hunirudisha katika zahanati ya misheni kule Mikindani, kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki tangu alfajiri, mahali nilipozaliwa mapema miaka ya themanini na kupewa jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulisikia. Naitwa Sigruni. Ni jina la Aislandi, kisiwa cha baridi huko kaskazini mwa Ulaya, nalo lilikuwa la muuguzi aliyemzalisha mama baada ya uchungu wa siku mbili. Shuleni kila mwalimu mpya alinisimamisha nieleze ni jina la kabila gani. Nilichukia kusimama.

Kwetu Wagiriama, binti wa kwanza ni wa nyanya yake mzaa baba. Hupewa jina lake, na kuanzia siku hiyo baba mtu humwita mtoto yule "mama". Nyanya naye hutembea kifua mbele, kwa kuwa ameitwa angali hai. Nyanya yangu, tuliyemwita Hawe, jina lake lilikuwa Kadzo. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, baba yangu, na baba alipata binti mmoja tu, mimi. Walionifuata wote ni wavulana. Kwa hiyo jina la Hawe lilikosa pa kukaa. Baba alimwambia kwamba muuguzi mwenyewe ndiye aliyeomba niitwe kama yeye, na kwamba kumkatalia mtu aliyeokoa roho mbili ni utovu wa shukrani. Hawe akaridhia shingo upande. Alinilea, alinikanda, alinisuka nywele, lakini jina langu hakulitamka hata siku moja. Aliniita "we mwana".

Nilipotimiza miaka kumi, yule muuguzi, tuliyemwita Sista, alikuwa anarudi kwao. Baba, karani wa ghala huko Changamwe aliyependa mno kuonekana na wazungu, akatupeleka sote kumuaga. Sista alimpa Hawe shikamoo kwa Kiswahili safi, akatumiminia chai. Mimi, kwa kuchoshwa na walimu, nikamuuliza jina letu lina maana gani. Alifurahi sana. Alisema ni jina la kale, maneno mawili yaliyounganishwa: la kwanza ni ushindi, la pili ni siri, siri kama ya maandishi ambayo si kila mtu anaweza kuyasoma.

"Na wewe ulipewa na nani?" Hawe akauliza.

"Ni la nyanya yangu, mama. Kwetu watoto wengi hupewa majina ya nyanya na babu zao. Alilia kwa furaha."

"Sasa mbona ukamwomba mwanangu amtie mjukuu wangu jina hilo?"

Sista akamgeukia baba, kisha akamtazama Hawe. "Sikuomba mimi. Kwenye kadi nilishaandika Kadzo, mama mtoto alinitajia. Ni huyu baba yake aliyekuja akasema nilifute, niandike langu."

Baba alicheka kicheko kikavu, akasema hayo ni mambo ya zamani. Mama alikuwa akitazama sakafu; naye alijua miaka yote kumi. Hawe akaweka kikombe chini. "Uliniona mshamba," akamwambia baba. "Uliogopa wenzio wa ghalani watakucheka." Baba hakukana. Hakuomba radhi pia, wala siku ile wala baadaye. Miaka miwili mbele Hawe akafariki, na jina lake likaingia naye kaburini.

Siku hizi watoto wa mjini hupewa majina ya kwenye televisheni na hakuna anayeuliza. Mimi nilimsihi mume wangu, akanikubalia, na binti yetu ni Kadzo. Baba amezeeka. Kila Jumapili huja kwangu Mjambere, humpakata mtoto, humwita "mama, mama yangu" huku machozi yakimtoka, na majirani husema yule mzee ana mapenzi. Mimi hunyanyuka nikaingia jikoni, nisije nikamtukana mzazi wangu mbele za watu. Aliyestahili kumsikia akiniita mimi hivyo alilala chumba cha pili nyumbani kwetu miaka kumi na miwili, na masikio yake yalikuwa mazima.