Pete Nyeupe Mgongoni mwa Kamba

Kamba wa kwanza alipokufa, Bi Mwatum hakumshuku mtu. Alimtoa tangini kwa kijiko cha chai, akamweka kiganjani akamtazama. Alikuwa mwekundu kama punje ya komamanga, hakuzidi ukucha, na pale kifua kinapokutana na mkia palikuwa na mstari mweupe uliomzunguka kama pete. Bi Mwatum akasema kila nafsi itaonja mauti, akamfukia chini ya mlimau. Lakini alipokufa mwengine na pete ile ile, kisha mwengine tena, maneno ya faraja yakamwisha. Akaanza kumtazama mkaza mwanawe.

Kamba hao wa maji matamu aliletewa na Nyange, mtoto wa kaka yake, anayeuza samaki wa mapambo Dar es Salaam. Aliwaleta mwaka aliofariki mume wa Bi Mwatum, Mzee Bakar, nyumba yao ya Madungu ikawa kimya mno. Majirani walicheka: kamba gani hawa wasiotiwa nazi? Bi Mwatum, aliyekuwa mhudumu wa wodi hospitalini mpaka akastaafu, aliwazoea kama alivyowazoea wagonjwa. Alijua nani anakula na nani amejitenga. Mara ya kwanza alipoona gamba tupu limelala mchangani alimlilia maiti, na Nyange akamcheka kwenye simu.

"Huyo mzima, shangazi. Kamba akitaka kukua huvua koti zima, akajificha mpaka jipya ligande."

Waliishi hivyo, wakivua na kugandisha, mpaka Ame, mwana wa Bi Mwatum, alipooa kisiwani Kojani. Ame alikuwa fundi ujenzi Unguja, hivyo mke akaja kukaa na mama mkwe. Tatu alikuwa msichana mpole, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake, kwani mtu anayeshukiwa upole humponza. Akifagia, alifagia mno. Akinyamaza, Bi Mwatum alijiuliza ananyamazia nini.

"Yakhe, kabla hajaja huyu walikuwa wakifa?" aliuliza Bimkubwa, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Hawakuwa."

"Basi mie sijasema kitu."

Hakusema kitu, lakini tangu siku ile Bi Mwatum hakulala mchana. Alinusa chakula cha kamba. Alichungulia kanga za Tatu zilizokunjwa. Hakupata chochote, na kutopata kukamtia shaka zaidi.

Siku moja alijifunga buibui akaaga kuwa anakwenda hitimani. Alitokea mlango wa mbele, akazunguka kwenye migomba ya Bimkubwa, akarudi kwa mlango wa jikoni. Tatu alikuwa amesimama mbele ya tangi la kioo. Mkononi ana jagi lililofunikwa kitambaa cheupe, anamimina taratibu, midomo inamcheza.

"Unasoma nini hapo?"

Tatu alishtuka, maji yakamwagika. "Bismillahi, mama."

"Na hayo maji?"

"Ya mvua. Nimeyakinga kwenye bati."

"Nani kakutuma?"

Tatu aliinamisha kichwa. "Hajanituma mtu."

"Umetia nini humo?"

"Sikutia kitu."

"Basi yanywe."

Tatu aliinua jagi akanywa yote yaliyobaki, macho yake machoni mwa mama mkwe. Kunywa kule hakukumtoa Bi Mwatum shaka. Aliyejiandaa kuyatia, alijiambia, amejiandaa na kuyanywa pia.

Akampigia Ame simu pale pale. "Njoo umtafutie mkeo pa kukaa. Hapa kwangu basi."

"Mama, kwa ajili ya kamba?"

"Leo kamba. Kesho?"

Tatu alisikia yote. Asubuhi alitandika kitanda, akambusu mama mkwe mkono, akachukua mkoba wake akarudi kwao. Ame alipiga simu tena, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakwe zake wamemuuliza kama amemwacha mtoto wao.

Na kamba waliendelea kufa.

"Mambo yake kayaacha humo humo," alisema Bimkubwa. Bi Mwatum alitamani kuamini, maana kama si hivyo ndoa ya mwanawe ilikuwa inavunjika bure. Akampigia Nyange, akamweleza habari ya pete nyeupe.

"Hao wameshindwa kujivua," Nyange alisema. "Umebadili maji?"

"Yakitiwa ya mvua, je?"

"Ya mvua ni matupu, shangazi. Gamba hutaka chokaa, na maji yenu ya bomba yanayo. Si unaona ule ukoko mweupe kwenye sufuria? Ukitia mvua siku baada ya siku, gamba jipya linakuwa teketeke. La zamani badala ya kufunguka linakatika kiunoni, naye ananasa humo. Rudisha ya bomba, kidogo kidogo, usiwashtue."

"Na aliyetia?"

"Angejuaje? Sote tunasema hakuna maji safi kama ya mvua."

Bi Mwatum alikata simu, akawatilia kamba kikombe kimoja cha maji ya bomba. Asubuhi alivuka kwa mashua kwenda Kojani. Hata ndani ya mashua moyo wake ulikuwa ukitafuta namna ya kuwa na haki: labda Tatu alijua, labda aliambiwa na mtu.

Mama yake Tatu, Bi Mize, alimpokea kwa heshima zote na bila tabasamu. "Mwanangu kakosa nini, mkwe?"

"Alinitilia kamba wangu maji ya mvua. Hakunambia."

Bi Mize akasema: "Sie nyumba hii, kabla bomba halijafika, maji yetu yalikuwa na chumvi. Ya mvua yalikuwa na mtungi wake, na kitambaa chake cheupe. Ya mgeni, ya mzazi, ya mgonjwa. Na anayepewa haambiwi. Ukimwambia umemsimanga."

"Sikujua."

"Ungemuuliza kama mtoto, angekwambia. Umemuuliza kama mwizi."

Tatu aliitwa. Bi Mwatum alimwomba radhi mbele ya mama yake, kwa maneno machache. Tatu akasema amesamehe, na yeye si mtu wa uongo: alikuwa amesamehe. Jioni walirudi Madungu pamoja. Ame aliposikia alishusha pumzi ndefu kwenye simu.

Kamba waliobaki wakaanza tena kuvua magamba yao mazima mazima. Bimkubwa akapata mambo mengine ya kutosema. Ila Tatu hakuingia tena jikoni kimyakimya. "Mama, naosha mchele." "Mama, nafungua kabati, njoo uone." Mlango wa chumba chake aliuacha wazi, hata anapobadili nguo huita kwanza.

"Fanya tu, mwanangu," Bi Mwatum alimwambia siku moja, amechoka kuitwa. "Sikuangalii."

Tatu alikuwa ameshika kifuniko cha chungu, mvuke unampita usoni.

"Bora uangalie, mama," alisema kwa adabu, akamngoja ainuke.