Kuni za Matanga ya Chef

Nilirudi Kisangani nimechoka. Miaka mingi nilikuwa nimezunguka, Bafwasende kwenye dhahabu, Ubundu kwenye treni, nikilala kwa watu. Ndipo mzungu mmoja, aliyeleta mashine ya kupasulia mbao, akanichukua nimtafsirie na kumtembeza mjini. Mashine ikianza kazi, aliniambia, nawe utakuwa na kazi ya kudumu. Nikaomba nishikiwe chumba upande wa Wagenia, karibu na ule mngurumo wa maji nilioulalia utotoni.

Mashine ikakwama bandarini. Makaratasi yalikuwa sawa. Ilibaki saini ya chef, yaani mkuu wa forodha, baba mmoja mpole ambaye mshahara wake ulikuja ulipotaka. Kila tulipokwenda alituuliza kama tumekumbuka madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Ndivyo tunavyoita hongo hapa, bila kuona haya.

Mzungu alikataa. Kwao kuna sheria: ukimhonga ofisa wa nchi ya wengine, unafungwa nyumbani kwenu.

"Na mimi nikimpa?" nilimwuliza.

"Mkono wako ni mkono wangu. Utakuwa umenifunga."

Kisha mama yake chef akafariki. Nilimwambia mzungu hatuwezi kukosa matanga. Aliogopa ile sahani ya michango inayopita mbele ya watu wote: akitia pesa ni hongo, asipotia ni aibu. Nikamweleza kwamba kwetu asiye na cha kutoa huwapasulia kuni wanaopika, na hakuna atakayemcheka.

Walimcheka. Shoka liliruka huku na huku.

"Muzungu, iko unapasua kuni ao iko unaipa pole?" aliuliza mama mmoja aliyesimama kando ya sufuria ya pondu, kisamvu chetu.

"Umuache, yaya," mdogo wake akadakia. "Leo tutakula pondu mubichi!"

Nilipomtafsiria, mzungu naye alicheka, viganja vimemchubuka. Nilipasua pembeni yake mpaka jua likashuka, na kwa kila gogo nilikiona kile chumba kikisogea karibu. Chef alitoka ndani, akalitazama rundo letu, akamshika mzungu mkono kwa muda mrefu.

Matanga yalipokwisha tulirudi ofisini. Chef alituvutia viti mwenyewe.

"Ndugu, umuambie muzungu, kuni yenu tulipikia mpaka siku ya mwisho. Mama alizikwa muzuri. Merci mingi." Akalifunga faili, akaweka mkono juu yake. "Alors, batoto yangu hawakuli kuni."

"Anasemaje?" mzungu akauliza.

"Anashukuru."

"Na saini?"

Nilitikisa kichwa.

Kampuni yake ilimwita arudi, ikapeleka kazi kwingine. Mashine imebaki bandarini ndani ya kasha, na majani yameanza kulipanda. Chef tukikutana sokoni hunisalimia vizuri, huniuliza habari za ndugu zangu. Viatu vyake vimechakaa kama vyangu. Siwezi hata kumchukia.

Nilikwenda Wagenia kumwambia mwenye nyumba asinishikie tena chumba.

"Unaenda wapi tena, papa?"

"Ubundu."

"Kufanya nini?"

Nilivitazama viganja vyangu. Malengelenge ya zile kuni yalikuwa yameacha makovu.

"Nitaona, mama. Kuni hazikosekani."